Wanarti Hawajafa: Mashujaa wa Kale Katika Riwaya za Mwanzo za Waosseti

Katika milima ya Kaukasi, baina ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, wanaishi watu waitwao Waosseti. Ni taifa dogo. Wote pamoja hawatimii milioni moja. Wengi wao wako kaskazini ya milima, katika jamhuri iliyo ndani ya Urusi, ambayo mji wake mkuu ni Vladikavkaz. Wengine wako kusini, katika sehemu iliyopiganiwa vita baina ya Urusi na Georgia mwaka 2008. Lugha yao si Kirusi wala si Kituruki. Ni ya ukoo mmoja na Kiajemi, kile kile kilichotuachia sisi wa pwani maneno kama bandari na serikali.

Kwa upande wa dini, wengi wao ni Wakristo wa madhehebu ya Orthodoksi, lakini wamo pia Waislamu wa Kisunni, hasa katika kabila la Wadigor. Ukingoni mwa mto Terek, mjini Vladikavkaz, upo msikiti mzuri wenye minara miwili uliojengwa mwanzoni mwa karne ya ishirini kwa mali ya Murtuza Mukhtarov, tajiri wa mafuta wa Baku, ambaye mkewe alikuwa binti wa Kiosseti. Na mwaka 1865 Waislamu wengi wa milima hiyo walihama kwenda katika Dola ya Uthmaniya wakiongozwa na jenerali Musa Kundukhov. Miongoni mwa wahamiaji hao alikuwamo Temirbolat Mamsurov, mshairi. Kwa hivyo baadhi ya mashairi ya mwanzo kabisa ya lugha ya Kiosseti yalitungwa na Muislamu aliyekuwa ugenini, akiililia milima yake.

Nimewataja watu hawa kwa sababu moja. Vijana wetu wanaotaka kuandika riwaya hunijia na swali hili: je, ngano za wazee zina faida gani kwa mwandishi wa leo? Wengine huziona ni mambo ya watoto. Wengine, kwa uchaji wao, huziogopa kuwa ni masalio ya ujahili. Waosseti walilikabili swali hilo kabla yetu, tena katika siku za damu, na jawabu lao linafaa kusikilizwa.

WANARTI NI NANI?

Waosseti wana hazina kubwa ya hadithi za mashujaa waitwao Wanarti. Hadithi hizo si zao peke yao. Waadige, Waabkhazi, Wachecheni na Wabalkari pia wanazo, kila watu kwa namna yao. Lakini kwa Waosseti zimehifadhika kwa ukamilifu wa ajabu. Zilianza kuandikwa kutoka vinywani mwa wazee katika karne ya kumi na tisa. Mwanazuoni wa Kifaransa, Georges Dumézil, alitoa kitabu juu yake mwaka 1930, na mwaka 1946 Waosseti wenyewe wakatoa mkusanyiko mkubwa kwa lugha yao.

Wakristo wao huzisimulia, na Waislamu wao huzisimulia. Babu akiketi na ala yake ya nyuzi, hakuna anayeulizwa anaswali wapi.

Ndani ya hadithi hizo mna watu ambao wataalamu wa fasihi huwaita vielelezo-asili. Mimi nitasema sura za kale, yaani aina za watu na mikasa ambayo jamii imeibeba moyoni muda mrefu hata ikawa kama kalibu: kila mtu mpya anayetokea, watu humpima kwa sura mojawapo. Nitazitaja nne, maana ndizo nitakazozihitaji mbele.

Sura ya kwanza ni ya ndugu pacha. Wanarti walikuwa na mti wa tofaa la dhahabu, lililoiva mchana na kuibwa usiku. Pacha wawili, Akhsar na Akhsartag, wakawekwa kulinda. Akhsartag akamjeruhi ndege mwizi, nao wakaifuata michirizi ya damu mpaka pwani. Akhsartag akazama baharini, na huko chini akakuta kwamba yule ndege ni Dzerassa, binti wa mfalme wa bahari. Akamponya, akamuoa, akarudi naye nchi kavu. Lakini wale pacha walifanana mno, na bibi arusi akamdhania shemeji yake kuwa ndiye mumewe. Akhsar alijiheshimu, hakumgusa. Hata hivyo shaka ikamwingia Akhsartag, na shaka ikazaa mauti. Akhsar akafa hana kosa, na Akhsartag alipoibaini kweli akajiua kwa upanga wake mwenyewe. Mjane Dzerassa akawazaa Uryzmag na Khamyts, walioishia kuwa wakuu wa Wanarti. Sisi tuliosomeshwa vyuoni tunakijua kisa cha Habili na Kabili. Basi Waosseti nao wanaihesabu nasaba ya mashujaa wao kuanzia ndugu aliyekufa kwa mkono wa nduguye.

Sura ya pili ni ya Soslan. Huyu alizaliwa ndani ya jiwe, na mhunzi wa mbinguni akamtia makali kwa maziwa ya mbwa-mwitu mpaka mwili ukawa haupenyi silaha. Lakini chombo kilikuwa kifupi, magoti yakabaki nje. Maadui wakaijua siri, na gurudumu la ajabu likamkata magotini. Msomaji wa Lamu au Pate ataikumbuka mara moja sindano ya shaba na kitovu cha Fumo Liongo.

Sura ya tatu ni ya Batraz, mtu wa chuma cha pua. Alizaliwa akiwa moto mwekundu, akatumbukizwa majini, maji yakachemka. Aghalabu hukaa mbinguni, na Wanarti wakidhikika hushuka kama radi. Ni mkombozi. Lakini mwisho wake hausimuliwi kwa furaha: baba yake alipouawa, Batraz aliwageukia Wanarti wenyewe, akawatoza fidia zisizowezekana, hata akawaamuru wachome mavazi yao ya hariri wamletee jivu lake. Hakufa mpaka upanga wake ulipotoswa baharini.

Na sura ya nne ni ya Syrdon, ayari na mchochezi, mtu wa ulimi mkali ambaye Wanarti hawakumpenda. Huyu nitamrudia, maana naona ndiye mkubwa wao.

KUTOKA KINYWANI HADI KALAMUNI

Maandishi ya Kiosseti yalichelewa. Kitabu cha kwanza kilichopigwa chapa kwa lugha hiyo kilitoka mwaka 1798, nacho kilikuwa cha mafundisho ya dini ya Kikristo. Ilipita karne nzima kabla ya Kosta Khetagurov, ambaye Waosseti humhesabu kuwa baba wa fasihi yao, kutoa diwani yake mwaka 1899. Aliiita Iron Fandyr, yaani Kinubi cha Kiosseti. Tulishike jina hilo, tutalihitaji.

Miaka miwili kabla yake, mwaka 1897, Aleksandr Kubalov alikwisha kutoa utenzi juu ya kijana Khasana, ambaye mama yake mjane anamlea ili alipe kisasi cha baba yake. Kisasi cha damu ndicho kilichokuwa donda la milima ile. Mtu akiuawa, ukoo wake ulikuwa na deni, na deni lililipwa kwa roho nyingine, na hiyo ikazaa deni jipya. Katika ngano za Wanarti yuko Satana, mama mwenye hekima, ambaye mwaka wa njaa alifungua ghala zake akawalisha watu wote. Katika utenzi wa Kubalov mama yuko vile vile, mwenye nguvu vile vile, lakini ghala yake haina nafaka. Ameweka akiba ya chuki. Hapo tayari tunaona jinsi kalamu inavyofanya kazi: inaichukua sura ya kale, kisha inaigeuza tuone upande wake wa kiza.

Gazeti la kwanza la Kiosseti, Iron Gazet, lilitoka mwaka 1906. Mwaka 1910 Arsen Kotsoyev akahariri jarida liitwalo Afsir, yaani Suke. Kotsoyev ndiye aliyeifundisha nathari ya Kiosseti kutembea. Hadithi zake ni fupi, za wakulima na wachungaji, na ndani yake kisasi hakina fahari yoyote. Ni msiba tu, kama maradhi.

ABREKI KATIKA JOHO LA BATRAZ

Ndipo zikaja vita na mapinduzi ya mwaka 1917, na baada yake vitabu virefu. Kwanza nitataja kitabu cha Dzakho Gatuev, Muosseti aliyeandika kwa Kirusi. Mwaka 1926 alitoa kisa kirefu kiitwacho Zelimkhan. Zelimkhan hakuwa mtu wa kubuniwa. Alikuwa Mchecheni, Muislamu wa kijiji cha Kharachoy, ambaye kwa ugomvi wa koo na dhuluma ya watawala wa Tsar aliingia msituni akawa abreki, yaani mtu aliyejitoa katika sheria. Mwaka 1910 alishambulia hazina ya mji wa Kizlyar mchana. Askari walimwinda miaka mingi, na wanavijiji wakamficha, mpaka alipouawa mwaka 1913.

Msomaji wa milimani akikutana na mtu huyo hamsomi kama habari ya polisi. Anamwona Batraz: mtu asiyekaa na watu, anayeshuka ghafla pale wanyonge wanapodhikika. Lakini Zelimkhan wa kweli alikuwa na baba, na ndugu, na mke na watoto, na kila risasi yake iliwaletea adhabu watu wa nyumbani. Utenzi ungalimwacha huko juu ya mwamba. Kisa cha nathari kinamfuata mpaka nyumbani kwake kuona nani analipa.

NDUGU KWA NDUGU

Mwaka huo huo wa 1926, mjini Prague, ilitoka riwaya ya Kirusi ambayo jina lake kwa lugha yetu ni Ndugu Dhidi ya Ndugu. Mwandishi wake anatuhusu sisi Waislamu kwa namna ya pekee. Ni Akhmed Tsalikov, Muosseti Muislamu aliyezaliwa mwaka 1882, mwanasiasa wa mrengo wa kisoshalisti, ambaye mwaka 1917 alikuwa mwenyekiti wa kamati kuu ya Baraza la Waislamu wa Urusi nzima. Wabolsheviki walipoishika Kaukasi alikimbilia ughaibuni, akafia Warsaw mwaka 1928.

Riwaya yake inahusu mapinduzi katika Kaukasi, pale watu wa bonde moja, wa dini moja, hata wa nyumba moja, walipojikuta katika majeshi mawili. Sisemi kwamba Tsalikov alikaa akakinakili kisa cha Akhsar na Akhsartag. Hakuwa na haja. Mtu aliyekua akisikia kwamba taifa lake lilianza kwa pacha aliyemtilia shaka pacha mwenziwe, akiona vita vya ndugu, jina la kitabu humjia lenyewe. Na tazama jinsi ngano ile ilivyo ya kweli: ndugu hawakuuana kwa uadui. Waliuana kwa kufanana, kwa kutoaminiana na kwa haraka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, popote vilipotokea, havijapata kuelezwa kwa maneno machache kuliko hayo.

SAUTI YA TUFANI

Sasa tufike kwenye riwaya inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuandikwa kwa Kiosseti chenyewe. Mwandishi wake ni Kosta Farniev, ambaye kwa kalamu alijiita Farnion. Alizaliwa mwaka 1908, na riwaya yake, Uady Unar, yaani Sauti ya Tufani, ilitoka mwaka 1932, akiwa kijana wa miaka ishirini na minne hivi. Ilipigwa chapa kwa herufi za Kilatini, maana Waosseti walizitumia tangu mwaka 1923 hadi 1938, kabla ya kurejeshewa herufi za Kirusi. Sisi tulioona mashairi ya babu zetu yakibaki katika herufi za Kiarabu, na wajukuu wakisoma za Kizungu, tunajua maana ya taifa kubadilishiwa herufi.

Tufani katika vitabu vya siku zile ilikuwa ni jina la mapinduzi. Waandishi wa Urusi nzima walilitumia. Lakini kwa sikio la Kiosseti tufani ina mwenyewe. Umeme ukimulika, wazee walisema ni upanga wa Batraz unaoruka kutoka baharini. Kwa hiyo jina lile lile lilisemwa kwa ndimi mbili: mkuu wa chama alisikia mapinduzi, na bibi kizee wa kijijini akasikia shujaa wake anashuka.

Na hapa ndipo lilipo jambo zito. Serikali ya wakati ule iliwataka waandishi watoe mashujaa wa chuma. Kiongozi mwenyewe, Stalin, alijichagulia jina litokanalo na neno la Kirusi lenye maana ya chuma cha pua. Ilitakiwa riwaya yenye Batraz tu, anayeshuka na kuokoa, bila ya ile sura ya mwisho ambamo anawageukia watu wake. Lakini ngano haikatwi nusu. Ilipofika mwaka 1937 mtu wa chuma aliwageukia watu wake. Katika wimbi lile la kukamata na kuua, Kosta Farnion alipoteza maisha mwaka huo huo, hajatimiza miaka thelathini. Dzakho Gatuev naye aliangamia mwaka 1938. Wasomaji wao, waliokuwa wamesikia utotoni habari ya jivu la hariri, hawakuhitaji kufafanuliwa yaliyokuwa yakiwapata.

KINUBI CHA SYRDON

Basi ni sura ipi ya kale iliyo mama wa riwaya? Wengi watasema ni shujaa. Mimi nasema ni Syrdon.

Husimuliwa kwamba Syrdon aliiba ng'ombe wa Khamyts, akamchinja. Khamyts akaifuata nyayo, akaingia nyumbani kwa mwizi akiwa hayupo, akawaua wanawe, akawatia katika chungu kile kile kilichokuwa kikichemsha nyama. Syrdon akarudi, akautia uma chunguni kutoa mnofu, ukatoka mkono wa mwanawe.

Kwa sheria ya milimani, jawabu la hapo lilikuwa moja tu, nalo ni kisasi. Syrdon hakushika upanga. Alichukua mifupa ya mkono wa mwanawe mkubwa, akaitandikia nyuzi kumi na mbili za mishipa ya wanawe, akafanya kinubi, akaanza kuwalilia. Wanarti waliokuwa wakimchukia waliisikia sauti ile, wakasimama, wakalia. Wakasema: hata sisi tukitoweka, kinubi hiki kibaki. Wakampokea miongoni mwao kama ndugu.

Kinubi hicho ndicho fandyr, na jina lake ndilo Kosta Khetagurov alilolipa diwani yake ya mwaka 1899. Hakulichagua kwa kupenda muziki tu. Alikuwa akiwaambia watu wake, ambao bado walikuwa wakiuana kwa deni la damu: huu hapa mwanzo wa sanaa yetu. Ulianza siku mtu mmoja alipokuwa na haki ya kuua, naye akaimba.

Nikiutazama mfululizo wote huo, tangu mjane wa Kubalov, wakulima wa Kotsoyev, abreki wa Gatuev, ndugu wa Tsalikov, hata tufani ya Farnion, naona wote wanafanya kazi ya Syrdon. Utenzi wa kale ulisimulia chuma. Hawa waligusa goti la Soslan, pale mahali laini ambapo mtu anaumia. Walichukua mifupa ya msiba wa nyumbani wakaitandika nyuzi, ili waliokuwa maadui wasimame wasikilize.

MILANGO MIREFU

Ningali na deni kwa wale wenye wasiwasi wa dini. Wanasema ngano hizi ni za watu wa ujahili. Kweli, ni za kale kuliko msikiti na kanisa la milima ile. Lakini sikiliza Waosseti wanavyousimulia mwisho wa Wanarti. Wanarti walipokwisha kuwashinda wote, walitakabari. Wakainua milango ya nyumba zao iwe mirefu, ili wanapoingia wasiiname, isije ikadhaniwa kuwa wanamsujudia Mungu. Mungu akawauliza wanataka nini: kizazi kibaya, au kutokomea? Wakajibu kwamba bora watokomee, mradi jina lao libaki. Baraka ikaondoka katika mashamba yao, nafaka ikawa haitoshi, wakafa kwa njaa.

Aliyesoma habari za kina Adi na Thamudi hawezi kuiona hadithi hiyo kuwa ngeni kwake. Wazee wa Kiosseti hawakuwatukuza Wanarti wakaishia hapo. Waliwapenda, wakawalilia, na mwishowe wakawahukumu. Mapenzi na hukumu pamoja ndivyo vinavyoifanya ngano iwe na faida. Mtu anayeisimulia kwa sifa tupu ameiharibu, na anayeitupa kwa sababu ya makosa ya waliomo ametupa na mazingatio yake.

Kwa hivyo kwa vijana wetu jawabu langu ni hili. Msimuogope Liongo, wala majini, wala sungura wa bibi zenu, lakini pia msiwaweke katika vitabu kama mapambo ya ukutani. Waulizeni wanaumia wapi. Tazameni misiba iliyomo katika nyumba zetu leo: urithi unaowatenga ndugu, mashamba yenye kesi zisizokwisha, vijana wanaopotea bila ya mtu kuthubutu kuuliza. Sura za kale zimo humo zimekaa, zimevaa shati na suruali. Mwandishi atakayezitambua hatahitaji kuazima shujaa kutoka kwa mtu.

Waosseti waliofanya hivyo walikuwa wachache, na baadhi yao waliulipia wino wao kwa roho. Waliowaua walikuwa na jeshi, magereza na magazeti. Leo vitabu vya Kosta Khetagurov na Kosta Farnion vinasomwa na wajukuu wa wale waliokatazwa kuyataja majina ya waliouawa. Kinubi kimebaki, kama Wanarti walivyotaka.

Wallahu aalam.